Uzi Mpya Mikononi mwa Mashabiki

Ikifika mwishoni mwa Julai, Dar es Salaam huwa na mjadala mmoja unaofunika hata habari za usajili. Picha ya jezi mpya inavuja usiku, na asubuhi kila kijiwe kimeshakaa kikao. Huyu anasema ukosi umekaa kama wa sare ya shule ya msingi. Yule anasema rangi imepauka. Mwingine anaivuta picha kwa vidole viwili mpaka nembo ijae kwenye kioo cha simu, aone kama imedariziwa au imebandikwa tu. Kocha mpya hajasimamia hata zoezi moja, lakini uzi umeshapita mbele ya maelfu ya wakaguzi ambao hakuna aliyewaajiri.

Nimewasikiliza wakaguzi hawa kwa miaka mingi, na kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu, wao pamoja na watu wanaozichora na kuzishona jezi zenyewe. Sidhani kama ipo kazi nyingine ya ubunifu hapa kwetu inayoangaliwa na watu wengi kiasi hiki, kwa makini kiasi hiki. Ghorofa jipya linaweza kusimama Posta na watu wakapita chini yake miaka mitano bila kuinua macho. Jezi ya Simba au ya Yanga ikitoka, hata mshono wa kwapa unajadiliwa.

Na kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya jezi si mali ya anayeichora. Yanga ni ya 1935 na Simba ni ya 1936, kwa hiyo kijani na njano ya Yanga wa Jangwani, kama ilivyo nyekundu na nyeupe ya Simba wa Msimbazi, mbunifu wa leo amezikuta na ataziacha. Nembo nayo ameikuta. Kifua ni cha mdhamini aliyelipa. Mkononi pana nembo ya ligi, na mgongoni pana jina na namba ambayo mwamuzi na mtangazaji lazima waisome kutoka mbali. Ukishaondoa vyote hivyo, kinachobaki ni ukosi, mapindo ya mikono, michoro iliyomo ndani ya kitambaa, ukolezi wa rangi, na njia ya kupitishia mshono. Hapo ndipo anapotakiwa aseme jambo jipya kila mwaka, na jambo hilo lisiwe geni kwa wenye timu.

Halafu kuna mtani. Mbunifu wa Yanga hana ruhusa ya kutumia nyekundu hata upana wa uzi mmoja, na wa Simba asithubutu kuweka kijani hata kwenye lebo ya ndani. Vodacom walikutana na jambo hilo walipokuwa wadhamini wa ligi: Yanga waligoma kuvaa nembo yenye wekundu wa kampuni, na ikabidi nembo ibadilishwe rangi kwa ajili yao. Wapo waliosema ni utoto. Mimi nawapa Yanga haki yao, maana klabu ambayo wanachama wake wanaweza kuliona doa dogo kiasi kile na kulikataa ni klabu inayojua vazi lake linasema nini. Angalia pia miaka ambayo bia ya Kilimanjaro ilizidhamini timu zote mbili, na baadaye SportPesa walipoingia kwa zote mbili mwaka 2017. Kifuani watani walibeba jina lilelile, na hakuna mtu aliyechanganyikiwa hata sekunde moja. Rangi ilikuwa imeshamaliza mazungumzo kabla herufi hazijasomwa.

Kifua chenyewe hakitulii. Simba walicheza Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2021 wakiwa na maneno Visit Tanzania mahali pa mdhamini wao wa ligi. Yanga mwaka 2023 walivaa Haier kwenye Kombe la Shirikisho, msimu ambao walifika fainali. Kwa mtazamaji ni mabadiliko madogo. Kwa mbunifu ni mtihani, kwa sababu maneno mawili marefu yanataka nafasi ambayo jina moja la herufi tano halikuihitaji. Akiwa amejaza mchoro mzito katikati ya kifua, jina jipya likija litapigana na mchoro, na macho ya shabiki yatachoka bila mwenyewe kujua kwa nini. Mbunifu mwenye busara anakiacha kifua kitulie, mapambo yake anayasogeza mabegani, ubavuni na kwenye mapindo. Ukiona jezi imepita misimu ya wadhamini tofauti na bado inapendeza, jua kuna mtu alizuia mkono wake mapema.

Jicho la shabiki wetu, naamini, halikuanzia kwenye mpira. Lilianzia kwenye kanga. Mtoto aliyekulia nyumba ambayo mama na shangazi zake wanatandaza doti mpya mkekani ameshasikia uchambuzi wa vazi tangu hajajua kusoma. Pindo limelingana pande zote nne? Mji umekaa katikati au umekimbilia upande? Jina limechapwa wima au limepinda? Rangi itaganda au itachuja kwenye ndoo? Wenye maduka wa Biashara Street kule Mombasa, akina Kaderdina Hajee Essak waliotoa kanga za Mali ya Abdulla, walijua wanauzia watu wasiodanganyika. Jezi nayo ina pindo lake kwenye mikono na ukosi, ina mji wake mwilini, ina jina lake kifuani. Kijana anayesema kijiweni kwamba jezi ya mwaka huu imebanana hapa juu na imepwaya huku chini anatumia kipimo alichokirithi, ingawa hajawahi kununua kanga maishani mwake.

Nikirudi kwenye rangi, hapa ndipo ufundi ninaoupenda zaidi ulipo, na ndipo malalamiko mengi ya mashabiki yana ukweli kuliko wanavyodhaniwa. Watu wanaposema hii nyekundu siyo yetu, si ushabiki tu unaosema. Nyekundu ya Simba ikikolezwa kidogo inaanza kwenda kwenye damu ya mzee, na usiku chini ya taa za uwanja inaonekana kama kahawia. Ikipunguzwa kidogo inaelekea chungwa. Kati ya pande hizo mbili kuna njia nyembamba sana, na mafundi wa kuchanganya rangi hujaribu vipande vingi vya kitambaa kabla ya kuipata. Njano ya Yanga ina mtihani wake pia: ikiwa na ubaridi kidogo inaelekea limau, ikiwa na joto kidogo inaelekea embe lililoiva. Mchana wa jua la Agosti tofauti hiyo inaonekana wazi kuliko kwenye picha yoyote ya uzinduzi iliyopigwa studio.

Tena rangi hubadilika kwa umbali. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, na wengi wao hukaa mzunguko, mbali na nyasi. Kutoka kule juu michoro yote midogo hupotea. Vijistari vyembamba vyeupe juu ya nyekundu, vilivyopendeza sana kwenye simu, huungana machoni na kuifanya nyekundu ifanane na waridi iliyofifia. Njano yenye vidoa vingi vidogo vya kijani inakuwa rangi ya ndimu changa. Fundi anayelijua hili huchagua mojawapo: ama anaweka mchoro mkubwa, mistari mipana au bega zima la rangi ya pili, ama anachora kwa rangi ileile ya kitambaa, iliyokozwa kiasi cha kuonekana na mtu aliyeishika jezi mkononi tu. Hii njia ya pili ndiyo inayonikosha mimi. Kutoka mzunguko unaona nyekundu safi isiyo na doa. Ukikaa jirani na mtu kwenye daladala unaona kumbe mgongoni mwake kuna manyoya ya simba yaliyochorwa kwa nyekundu juu ya nyekundu. Jezi moja imewahudumia watu wawili, aliye mbali na aliye karibu, na hakuna aliyenyimwa.

Mashabiki huzipitia hatua hizo za umbali kinyume, kutoka karibu kwenda mbali. Wanaanza na picha ya simu, ambayo ni umbali wa uongo, kwa sababu mwanga umepangwa na mvaaji ni mchezaji mwenye kifua cha mazoezi. Kisha wanaishika dukani. Mwisho wanaiona ikiwa imejaza uwanja, siku ya Simba Day au kilele cha Wiki ya Mwananchi ya Yanga. Ndiyo maana maoni hubadilika sana kati ya tangazo na mechi ya kwanza, na simlaumu anayebadilika. Jezi moja juu ya mtu mmoja na jezi elfu arobaini pamoja ni vitu viwili tofauti kabisa, na hakuna mbunifu anayeweza kumwonyesha mtu kitu hicho cha pili kabla ya siku yake. Klabu hujitahidi kwa uzinduzi wenye vishindo. Simba mwaka 2023 waliupandisha uzi wao Mlima Kilimanjaro. Napenda shamrashamra hizo, lakini uamuzi wa kweli hutolewa uwanjani.

Tukiigeuza jezi ndani nje, tunakuta mambo ambayo picha haisemi. Kitambaa ni poliesta iliyofumwa kwa vitanzi vidogo vinavyolipeleka jasho upande wa nje likauke. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na mtu aliyewahi kucheza kwenye joto la Dar na fulana ya pamba anajua jinsi inavyogeuka mzigo kabla ya mapumziko. Ikiwa ndani ni nyeupe na nje ni nyekundu, basi rangi imechapwa. Ikiwa pande zote ni nyekundu, kitambaa kilitiwa rangi kizima kabla ya kukatwa. Wengi kijiweni huchukulia weupe wa ndani kuwa ushahidi wa jezi feki. Sivyo. Jezi halali nyingi duniani hutengenezwa hivyo, na njia yenyewe ni ya kustaajabisha.

Inaitwa sablimesheni. Mchoro wote, pamoja na mistari, vivuli na wakati mwingine hata mdhamini, huchapwa kwanza kwenye karatasi, ukiwa umegeuzwa kama unavyojiona kwenye kioo. Karatasi hulazwa juu ya kitambaa cheupe na kubanwa na mashine yenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, kwa muda usiofika dakika. Kwa joto hilo wino haupiti hatua ya kuwa majimaji. Unakuwa mvuke moja kwa moja, unaingia ndani ya nyuzi za poliesta, na joto likishuka unabaki humo. Pitisha kidole juu ya mchoro hutahisi kitu, kwa sababu hakuna kilichokaa juu. Joto likipungua, nyeusi hutoka kama kahawia. Karatasi ikiteleza kidogo sana, mchoro unapata kivuli kama mtu aliyepigwa picha akitembea. Kwa hiyo anayesimamia mashine ile anaangalia saa, mkono na karatasi kwa pamoja, kipande baada ya kipande, siku nzima.

Njia hii haina wino mweupe. Nyeupe yote unayoiona kwenye jezi iliyochapwa hivyo ni kitambaa chenyewe kilichoachwa bila kuguswa. Msimbazi, kwa hiyo, mstari mweupe juu ya nyekundu unapatikana kwa kujizuia: mbunifu anaipanga nyekundu ipite pande zote na kuiachia nyeupe njia yake. Mahali pengine kitambaa kikivutika sana, tuseme kwenye tumbo la mzee aliyekataa kukubali saizi yake, weupe wa ndani huchungulia kati ya vitanzi na rangi inapungua. Wazalishaji makini hulijua hilo na hufuma kitambaa kizito kidogo kwa jezi za mashabiki, wakaacha kile chepesi kwa wachezaji.

Nembo nayo ina mabishano yake. Mashabiki wetu wanapenda nembo iliyodariziwa, iliyoinuka, ambayo kidole kinaisikia. Wachezaji huvaa iliyobandikwa kwa joto, nyembamba na laini, kwa sababu nyuma ya darizi kuna kitambaa kigumu kinachokwaruza ngozi kwa dakika 90. Kwa hiyo ile inayoitwa jezi ya mchezaji, yenye bei kubwa zaidi, ndiyo yenye nembo ambayo wengi wangeiita ya bei poa. Kila upande una sababu. Anayeivaa kwa miaka minne na kuifua kila Jumapili anahitaji nembo isiyobanduka. Anayeivaa mara moja na kubadilishana na mpinzani anahitaji wepesi.

Kuanzia msimu wa 2022/23 Yanga walimkabidhi Sheria Ngowi kazi ya kubuni jezi zao, na nadhani ulikuwa uamuzi mzuri kuliko ulivyosifiwa. Ngowi alijulikana kwanza kwa mavazi ya kiume, suti na mashati ya heshima, na ushonaji wa aina hiyo huanzia begani: bega likikaa, vazi lote linakaa. Kwenye jezi bega ndilo linaloamua mambo mengi. Mshono ukizunguka juu ya mkono kama wa shati, bega linaonekana pana na mistari ya wima inashuka bila kukatwa. Mshono ukitoka shingoni kwenda kwapani kwa mshazari, mkono unanyanyuka kwa uhuru na bega zima linaweza kuvaa rangi ya pili, lakini mistari ya wima inakatika vibaya pale inapokutana nao. Mbunifu lazima achague, na akichagua amejifungia milango kadhaa. Klabu ya hapa kumpa kazi hiyo Mtanzania mwenye jina lake, na mashabiki wakajua jina la kulaumu na la kupongeza, kumeinua kiwango cha mabishano yenyewe. Simba nao mwaka 2025 wakaingia na Diadora ya Italia, na hapo kijiweni likazuka swali la haki kabisa: mzalishaji wa mbali ataijua nyekundu yetu?

Swali hilo mashabiki wa nje walishaliuliza, na majibu yao yanafundisha. Athletic ya Bilbao mwaka 2004 walimwomba msanii wa mji wao, Darío Urzay, awachoree jezi ya Kombe la UEFA. Mistari yao myekundu na myeupe ikayeyuka kuwa kama michirizi iliyomwagika, mashabiki wakasema ni tomato sosi, na klabu ikaiweka kando baada ya mechi za maandalizi. Barcelona mwaka 2019 waliweka vyumba vya draftini mahali pa mistari yao ya wima, na manung'uniko yakasikika mpaka Tandale. Msanii wa Bilbao alikuwa mwenyeji na mtu mwenye kipaji. Kwa hiyo ugeni peke yake hauelezi kila kitu. Kosa lake ni kwamba aligusa mistari, ambayo watu hawakuwa wamemkabidhi.

Mara nyingi husemwa kwamba jezi ni matokeo: timu ikishinda uzi unapendeza, ikifungwa unageuka gunia. Siamini, na nina mifano miwili mizito. Cardiff City ya Wales mwaka 2012 ilibadilishwa na mmiliki wake kutoka bluu kwenda nyekundu. Msimu uleule, katika nyekundu, timu ikapanda Ligi Kuu ya Uingereza, jambo waliloliota miaka na miaka. Mashabiki walishangilia kupanda na wakaendelea kudai bluu yao, mpaka Januari 2015 ikarudishwa. Upande wa pili ni Nigeria ya 2018. Nike walichukua jezi ya 1994, Kombe la Dunia la kwanza la Super Eagles, wakaikuza mistari yake ya pembe na kuipa mikono nyeusi na nyeupe inayokumbusha bawa. Shirikisho la Nigeria lilisema maagizo milioni 3 yalishatolewa kabla haijaingia dukani, na siku ilipoingia, Juni 1, foleni ilisimama Oxford Street, London. Timu ikatoka hatua ya makundi kwa ushindi mmoja tu dhidi ya Iceland. Jezi haikushuka thamani hata kidogo. Mpaka leo unaiona kwenye harusi, kanisani na kwenye foleni ya mwendokasi.

Na kuna zile zinazohitaji muda. Jezi ya ugenini ya Arsenal ya 1991 hadi 1993, njano yenye vipande vya pembe vyeusi, ilipewa jina la ndizi iliyopondeka, na haikuwa sifa. Adidas waliporudi Arsenal mwaka 2019 walichora ya ugenini kwa kuikumbuka ileile, na wajukuu wa waliocheka wakaigombania. Nadhani kilichotokea ni kwamba mchoro ule ulikuwa na ujasiri na mpango ndani yake. Kila kipande kilijua kinakwenda wapi. Jezi iliyochorwa kwa uvivu haifufuki hivyo. Hakuna anayeikumbuka jezi ya wastani ya mwaka 1992.

Kazi haiishii kiwandani. Kariakoo kuna fundi wa kubandika majina ambaye nimewahi kusimama pembeni ya meza yake muda mrefu bila kununua kitu, na hakunifukuza. Mteja alileta jezi nyekundu, akataka CHAMA na 17, jina na namba ya mchezaji wa Simba wakati huo. Fundi aliikunja jezi katikati kwa urefu, bega juu ya bega, akapiga pasi mstari wa kati mgongoni ili upate alama. Akakata herufi, akaondoa mabaki kwa ncha ya sindano, pamoja na pembetatu ndogo ndani ya kila A. Kisha akafanya jambo ambalo rula isingemshauri. Aliilaza 17 juu ya alama, akaiangalia, akaisogeza kidogo. Moja ni nyembamba, saba imejaa juu na iko tupu chini, na ukizipima sawasawa kwa sentimita, macho yanaona namba imekimbia upande. Aliisogeza mpaka macho yaridhike, akarudi nyuma hatua moja, akaangalia tena, ndipo akashusha mashine. Kwa AZIZ KI, aliyekuwa Yanga wakati huo, aliniambia, shida ni nafasi kati ya maneno: ikizidi inakuwa majina ya watu wawili, ikipungua mtu anasoma neno ambalo halipo. Chama alipovuka kwenda Yanga mwaka 2024, mwenye jezi nyekundu aliyetaka jina litoke angeweza kulibandua kwa joto na subira, lakini kitambaa kilichofunikwa misimu kadhaa hakikupauka na jua kama jirani yake. Kivuli cha herufi hubaki.

Feki zipo, na sitazisemea sana. Zinazinyima klabu fedha na zinachuja ndoo ya kwanza. Lakini anayenunua feki mara nyingi ni mtu ambaye mshahara wake haukumpa nafasi ya kuchagua, na jicho lake si duni. Anajua kabisa ni nini kimekosekana, na atakutajia.

Ninachoomba klabu zikiangalie kwa makini zaidi ni mwili wa mwanamke. Siku za mechi kubwa Mkapa imejaa wanawake, na timu za wanawake, Simba Queens na Yanga Princess, zina wafuasi wao, lakini sehemu kubwa ya jezi sokoni imekatwa kwa kifua bapa na bega pana. Wanawake hawakusubiri. Wanazipeleka kwa mafundi wa mtaani siku tatu kabla ya mechi. Mmoja anataka ibane kiunoni, mwingine anataka mikono mirefu na urefu wa kufika magotini ili aivae na mtandio wake, mwingine ameleta jezi mbili za saizi kubwa zitoe gauni moja. Kazi hii ni ngumu kweli. Poliesta inateleza chini ya mguu wa cherehani na haisamehe sindano butu. Ukiingiza ubavu wa kushoto kuliko wa kulia, jina la mdhamini linahama katikati. Mistari ya mbele lazima ikutane na ya nyuma ubavuni, la sivyo wote waliokaa nyuma yako mzunguko wataona. Nimeona gauni la kijani na njano, kitenge kikiwa kimeunganishwa kuanzia kiunoni, ambalo mwenge wa nembo ulibaki mahali pake hasa, juu ya moyo, na mshono haukugusa hata ncha yake. Mafundi hawa wana madaftari yaliyojaa vipimo vya mashabiki wanawake, bega, kifua, kiuno na urefu, msimu baada ya msimu. Klabu ikitaka kukata jezi ya wanawake inayokaa vizuri, ianze kwa kuwalipa waifungue kurasa hizo.